Mbio za Asiyetarajiwa Kushinda

Miongoni mwa milango ya Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho tangu zama za babu zetu kimekuwa kikidurusiwa misikitini na katika baraza za wanazuoni wa pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hata Unguja na Ngazija, umo mlango wa mashindano ya farasi na ya kutupa mishale. Na humo, baada ya kuelezwa kwamba mahali pa kuanzia na mahali pa kukomea sharti pajulikane, na kwamba washindani wawe sawa katika mahali hapo pawili, limetajwa sharti moja ambalo msomaji mwenye haraka hulipita bila ya kulitia maanani, nalo ni kwamba kila mmoja wa wanaoshindana iwe yamkini kwake kutangulia. Farasi dhaifu ambaye hapana shaka kwamba atabaki nyuma, akiwekwa ubavuni mwa farasi ambaye hapana shaka kwamba atatangulia, mapatano ya mbio zao hayasihi. Mafakihi walikuwa wakizungumza juu ya mapatano yenye dau, yaani mali inayowekwa ili mshindi aichukue, na hekima ya sharti lao haihitaji ufafanuzi mrefu: mwisho ukijulikana kabla ya mwanzo, hapana tena mashindano, pana hila ya kumhamishia mtu mali kwa jina la mchezo.

Nataka kulitoa sharti hilo katika mlango wake na kulipeleka uwanjani, si kwa kutoa fatwa, jambo ambalo si kazi yangu wala sikupewa elimu yake, bali kwa kuwa naona ndani yake pana swali ambalo michezo ya siku hizi haijapata kulijibu kwa insafu. Taifa dogo, lenye watu haba na mali haba, linapowapeleka vijana wake katika Michezo ya Afrika kukabiliana na vijana wa mataifa yanayolizidi kwa idadi, kwa viwanja, kwa walimu, kwa matabibu na kwa fedha, je, yale ni mashindano au ni gwaride tu? Na kijana mwenyewe, anayeinama kwenye mstari hali akijua kwamba muda wake bora kuliko wote haungemfikisha hata katika nusu fainali, anatia nia gani moyoni mwake ambayo si uongo?

Mfano wangu ni Komoro, na sikuuchagua kwa kuwa ndio mdogo kuliko yote, maana Shelisheli ni ndogo zaidi, bali kwa kuwa swali langu limetoka katika kitabu ambacho Wakomoro wanakijua. Visiwa vitatu vinavyotawaliwa kutoka Moroni, yaani Ngazija, Nzwani na Mwali, vikikusanywa pamoja havifiki kilomita za mraba 1,900, kiasi kinachoizidi Unguja kwa kidogo tu, na watu wake hawajatimia milioni moja. Ama kisiwa cha nne, Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, kilibaki mikononi mwa Ufaransa nchi ilipotangaza uhuru wake tarehe 6 Julai 1975, na habari yake nitairudia. Madhehebu ya huko ni ya Shafi kama ya kwetu, na elimu ya huko na ya kwetu zimekuwa zikivuka bahari pamoja na jahazi: Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi wa Unguja na ambaye jina lake halijasahauliwa hata leo, alizaliwa Itsandra, Ngazija, katika mwaka wa 1861, na Habib Saleh, aliyeujenga msikiti wa Riyadha wa Lamu, naye asili yake ni visiwa hivyo hivyo. Kwa hiyo nikimhoji Mkomoro kwa sharti la Nawawi, namhoji kwa kipimo ambacho yeye mwenyewe amelelewa nacho.

Michezo ya Afrika yenyewe ina historia ya wanyonge. Ilikusudiwa kwanza Algiers katika mwaka wa 1925, kisha Alexandria katika mwaka wa 1929, na mara zote mbili haikufanyika, kwa sababu dola zilizokuwa zikiitawala Afrika hazikupenda kuwaona watawaliwa wamekutana pamoja hata kwa mchezo. Ikangoja mpaka bendera zilipobadilika, ikapitia katika Michezo ya Urafiki iliyofanyika Tananarive, Abidjan na Dakar mwanzoni mwa miaka ya sitini, na hatimaye ikazaliwa Brazzaville, Julai 1965, ambako Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mita 1,500 na mita 5,000. Basi mkutano huu uliasisiwa na watu waliokuwa jana tu hawahesabiwi. Lakini haukupita muda mrefu ila ndani ya watu hao hao wakapatikana wakubwa na wadogo wao; na katika Michezo ya Rabat ya mwaka wa 2019 taifa moja, Misri, lilijizolea medali za dhahabu zaidi ya 100 peke yake, ilhali yako mataifa ambayo furaha yao yote ya siku zile ilikuwa kumwona mtu wao akivuka raundi ya kwanza.

Hapo ndipo mtu mwema hujitokeza na maneno ya faraja, akasema kwamba la muhimu si kushinda bali kushiriki. Watu humnasibishia maneno hayo Baroni Pierre de Coubertin, mwasisi wa Olimpiki za zama zetu, na ni kweli kwamba aliyatangaza London katika mwaka wa 1908. Lakini yeye mwenyewe alikiri kwamba ameyapata kwa askofu mmoja wa Kimarekani, Ethelbert Talbot, aliyekuwa amehubiri siku chache nyuma katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Nalitaja hili kwa sababu watu wengi hawaulizi ni nani walioambiwa. Olimpiki za London zilikuwa zimeingia fitina kubwa baina ya Wamarekani na Waingereza, mataifa mawili yenye nguvu yaliyokuwa yakitetana juu ya waamuzi na mistari na kamba, na mhubiri alitaka kuwatuliza wakubwa wasiuane kwa ajili ya vikombe. Yalikuwa maneno ya kumpunguzia ulafi aliyeshiba. Kuyachukua leo na kumpa mwenye njaa, ukamwambia kwamba chakula si muhimu, ni kuyageuza yakawa kitu kingine kabisa, na mimi sioni ajabu kwamba wanaoyapenda zaidi ni wale ambao medali zao zimekwisha kuhesabiwa.

Fauka ya hayo, maneno hayo yanavunja nguzo ya mchezo wenyewe. Kila tendo hupimwa kwa nia yake, na nia ya mbio ni kutangulia. Mtu aliyeingia uwanjani pasipo nia hiyo hakukimbia, amepita tu mahali ambapo wengine wanakimbia, kama vile aliyesimama safuni na kuinama na kuinuka bila ya kunuia sala. Tena amemdhulumu jirani yake wa kushoto na wa kulia, kwa kuwa ushindi juu ya mtu asiyetaka kushinda hauna ladha wala maana. Kwa hivyo kijana wa Moroni tumemfunga kwa kamba mbili zinazovutana: lazima anuie kutangulia, ili awe mshindani, na anajua kwamba hatatangulia, kwa sababu saa haisemi uongo. Je, moyo wa mwanadamu waweza kunuia jambo ambalo akili yake imekwisha kulikatia tamaa, pasipo mmoja wao kuwa mwongo?

Naona aliyelitatua fundo hili zaidi kuliko wengine ni Imamu Ghazali, ingawa yeye hakuwa na haja ya mbio wala ya viwanja. Katika sehemu ya kitabu chake cha Ihya inayohusu hofu na matarajio amewapanga watu wanaongoja rehema ya Mwenyezi Mungu katika mafungu matatu, akawapigia mfano wa wakulima. Yuko aliyetafuta ardhi njema, akapanda mbegu isiyooza, akailetea mbegu ile maji kwa nyakati zake, akang'oa magugu, kisha akaketi kumngojea Mola amwepushie radi na wadudu. Huyo, asema, kungoja kwake ndiko kunakostahiki kuitwa taraja. Yuko aliyetupa mbegu katika ardhi kavu ya mwinuko isiyofikiwa na maji, wala hakuishughulikia tena, kisha akangoja mavuno, huyo ameghurika. Na baina yao yuko aliyepanda katika ardhi njema isiyo na maji, akawa anaingojea mvua katika majira ambayo mvua si kawaida kunyesha wala si muhali. Na huyo wa tatu kungoja kwake ni kutamani tu, hakukufika daraja ya taraja.

Tazama basi kwamba Ghazali hakuzipima hali hizi kwa ukubwa wa mavuno, wala hakusema kwamba mwenye shamba dogo hana haki ya kutaraji. Kipimo chake ni sababu: je, zile sababu ambazo ziko chini ya hiari ya mja zimetimizwa? Zikitimizwa, kungoja ni ibada, hata kama nondo watakula. Zisipotimizwa, kungoja ni ghururi, hata kama kwa bahati shamba litazaa. Kwa hiyo swali letu la uwanjani limehama mahali pake. Tulikuwa tukiuliza kama kijana atashinda, na hilo liko katika ghaibu. Sasa twauliza ni sababu zipi zilizotangulia mpaka akafika kwenye mstari, na hilo laweza kuhesabiwa kwa vidole, tena kabla ya ndege kuruka.

Mtu mwenye kupenda mabishano ataniambia kwamba mimi nimeikimbia saa. Sababu au si sababu, yamkini ni yamkini na muhali ni muhali, na sharti la Nawawi liko pale pale. Namjibu kwamba hata juu ya muhali tusiharakie kuapa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na ngamia jike akiitwa Adhbaa ambaye hajapata kutanguliwa, mpaka akaja bedui mmoja na ngamia wake mchanga, ambaye ndiyo kwanza anafaa kupandwa, akampita. Jambo hilo likawa zito kwa Waislamu, na Mtume alipoona nyuso zao akawafahamisha kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu cha dunia hii ila atakishusha. Tangu niliposoma habari hii nimekuwa nikimwazia zaidi yule bedui, ambaye wasimulizi hawakutuachia hata jina lake. Hapana shaka kila mtu wa Madina alijua kwamba haiyamkini. Na yeye akaja.

Nao Wakomoro wana Adhbaa wao. Tarehe 18 Januari 2022, katika mji wa Garoua nchini Kamerun, timu yao ya kandanda, iliyokuwa inacheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika maisha yake, iliifunga Ghana, bingwa wa Afrika mara nne, mabao 3 kwa 2, bao la kwanza likitiwa na El Fardou Ben Nabouhane katika dakika ya nne na mengine mawili na Ahmed Mogni. Na Ghana ikarudi kwao. Siku sita baadaye wakakutana na wenyeji, Kamerun, hali makipa wao wote watatu hawapo, mmoja akiwa ameumia na wawili wakiwa wamepimwa na kukutwa na korona, ikabidi beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, avae fulana ya kipa iliyobandikwa namba 3 kwa utepe na kusimama golini. Na katika dakika ya saba nahodha wao akatolewa kwa kadi nyekundu. Walishindwa 2 kwa 1. Bao lao moja, mkwaju wa adhabu wa Youssouf M'Changama kutoka mbali, lilikuwa bao ambalo hata Wakamerun walilishangilia kimoyomoyo, na Alhadhur alizuia mipira ambayo makipa wa kazi wangejivunia. Siisimulii habari hii kwa kuthibitisha kwamba mnyonge hushinda, maana aghalabu hashindi, na mwandishi anayejenga hoja juu ya muujiza mmoja hana tofauti na yule mkulima wa ardhi kavu. Naisimulia kwa ajili ya jambo lililo nyuma yake, ambalo wapenzi wa mpira hulijua na wapenzi wa bendera hulisahau: wengi wa wachezaji wale walizaliwa au walilelewa Ufaransa, hasa katika Marseille na miji mingine yenye jamii kubwa za Wakomoro, wakafundishwa tangu utotoni katika vilabu vyenye nyasi, taa, walimu na matabibu.

Damu ni ile ile. Kijana aliyebaki Mutsamudu, Nzwani, na binamu yake aliyekulia Marseille wametoka kwa bibi mmoja, na ikiwa mmoja aliifunga Ghana na mwingine hakuvuka raundi ya kwanza ya mbio, hapana mwenye haki ya kusema kwamba visiwa vile vidogo huzaa watu dhaifu. Kilichotofautiana ni sababu. Nazo sababu zilipandwa na kumwagiliwa na watu wengine, katika nchi nyingine, kwa madhumuni yao wenyewe.

Hapa nakumbuka mashindano mengine ya Madina, yanayosimuliwa na Abdallah bin Umar, ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wapandaji. Mtume alishindanisha farasi waliotayarishwa kutoka mahali paitwapo Hafya mpaka Thaniyatul-Wadaa, masafa ya maili tano au sita. Na farasi wasiotayarishwa akawashindanisha kutoka Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, maili moja hivi. Matayarisho yale, kama wanavyoeleza wanazuoni, yalikuwa kazi ya siku nyingi: farasi hulishwa mpaka akanenepa, kisha hupunguziwa chakula kidogo kidogo, hufungiwa ndani na kufunikwa mablanketi ili atoke jasho, mpaka nyama yake ikakaza na pumzi yake ikawa ndefu. Sijui kisa kilicho wazi zaidi kuliko hiki katika insafu ya mashindano. Hakuwagawa kwa nasaba za farasi, wala kwa makabila ya wenye farasi, wala kwa utajiri wao, aliwagawa kwa matayarisho, jambo ambalo hubadilika: farasi aliyekimbia kutoka Thaniya mwaka huu, bwana wake akitaka, mwakani ataanzia Hafya.

Michezo yetu nayo ina migawanyo yake. Bondia wa kilo 51 hapigani na wa kilo 91. Wanawake na wanaume hutenganishwa. Na wenye ulemavu hupangwa kwa daraja za ulemavu wao. Hata katika Olimpiki, tangu London 2012, wakimbiaji wa mita 100 walioletwa bila ya kufikia muda uliowekwa, ambao aghalabu hutoka mataifa madogo na huingia kwa nafasi iliyotengwa ili kila taifa liwe na mtu, hukimbizana wao kwa wao kwanza asubuhi, na wanaofuzu ndio huonana na wakubwa. Jambo hilo halikosi kufanana na lile la farasi wa Thaniya. Lakini hakuna mgawanyo wa taifa lililotayarisha na lisilotayarisha, na sidai kwamba uwepo. Lau tungeliweka mashindano ya mafukara peke yao, tungelimpa kijana wa Mwali medali ya hakika na tungelimwondolea Adhbaa daima. Ninachodai ni kwamba tutambue ni wajibu wa nani kumtayarisha farasi. Farasi hajifungii ndani wala hajifuniki blanketi.

Na hapo ndipo tunapolifikia jambo ambalo watu huona haya kulisema katika hafla za kuwapokea wanamichezo. Kijana aliyeamka alfajiri akakimbia kwenye barabara ya lami kwa sababu hana kiwanja, akapunguza usingizi wake na starehe zake, akajifunza mwenyewe kwa kuwatazama wengine, huyo ametimiza kila sababu iliyokuwa mikononi mwake, na kungoja kwake pale kwenye mstari ni taraja kamili kwa kipimo cha Ghazali. Hata akiwa wa mwisho, hakughurika. Ghururi iko kwa waliomtuma. Wakubwa wa mchezo katika nchi yo yote, na nasema nchi yo yote kwa kuwa katika hili Komoro haina upekee na sisi wa bara tulio wakubwa kwa ramani hatuna la kujivunia, ambao hukumbuka mbio miezi mitatu kabla ya michezo, ambao msafara wao wa viongozi hukaribia kulingana na msafara wa wachezaji, ambao hawakumpa mtu wao shindano hata moja la nje la kumwonjesha kasi ya wengine, kisha wakasimama uwanja wa ndege wakamkabidhi bendera na kumwambia kwamba taifa zima linangoja medali, hao ndio waliotupa mbegu mlimani. Wametaraji kwa niaba ya mtu mwingine, na kwa jasho lake.

Tena wana kimbilio ambalo linamuudhi mtu wa dini zaidi kuliko uzembe wenyewe, nalo ni kadari. Matokeo yakija mabaya, husikika kwamba Mungu hakuandika, kwamba riziki haikuwako, kwamba tumshukuru kwa yote. Maneno hayo ni kweli, na ndiyo maana ni hatari. Wanazuoni wa itikadi wa njia ya Ashari, ambayo ndiyo njia ya pwani na ya visiwa, wamesema kwamba tendo huumbwa na Mwenyezi Mungu na mja hulichuma, na kwa lile alilolichuma ataulizwa. Wala hawakusema kwamba katibu wa chama cha riadha hataulizwa. Mkimbiaji aliyeshindwa akisema ni kadari, amefanya adabu, kwa kuwa amekwisha kutoa alichonacho. Aliyekuwa na funguo za stoo ya viatu akisema hivyo hivyo, amemsingizia Mola wake. Mawili hayo hutamkwa kwa maneno yale yale na sauti ile ile ya unyenyekevu, na msikilizaji asiyejua nani alikuwa na kazi gani hawezi kuyatenga.

Imebaki nia ya kijana mwenyewe, ambaye nilimwacha amefungwa kamba mbili. Sasa naona kwamba kamba moja tulimfunga sisi kwa kutazama jukwaa la medali peke yake. Katika mbio moja ya watu wanane mna mbio nyingi: iko ya wa kwanza na wa pili, na iko ya wa saba na wa nane, na iko ya mtu na muda alioukimbia mwaka jana. Taraja ya kweli hushikamana na kile ambacho sababu zake zimeweza kukifikia, na juu ya hapo hupanda ngazi kwa ngazi; kijana akinuia kumpita aliye ubavuni mwake, akanuia kuivunja rekodi ya nchi yake, akanuia kuvuka raundi moja ambayo hakuna mwenzake aliyeivuka, amenuia jambo la yamkini, na sharti la mafakihi limetimia baina yake na yule anayemkaribia ingawa halikutimia baina yake na bingwa. Mtu asiseme kwamba nimemrudishia faraja ile niliyoikataa. Faraja ile ilimwambia kwamba kushindwa kwake si kitu. Mimi nasema kwamba ni kitu, na kwamba baina ya kushindwa kwa sekunde moja na kushindwa kwa nusu sekunde pana mwaka mzima wa maisha ya mtu, ambao gazeti la nchi yake litaupita kwa mstari mmoja au halitautaja kabisa.

Pako mahali ambapo Wakomoro hukimbia mbio zinazosihi pasipo shaka, napo ni Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, ambamo hukutana na Shelisheli, Morisi, Maldivi, Madagaska na Réunion, na ambamo wamepata kuvaa medali. Ilipofunguliwa Réunion tarehe 1 Agosti 2015, wanamichezo wa Maore walipita nyuma ya bendera ya Ufaransa. Na Komoro, ambayo bendera yake ina nyota nne kwa ajili ya visiwa vinne, na ambayo Umoja wa Mataifa uliipokea tarehe 12 Novemba 1975 ikiwa ni dola ya visiwa hivyo vinne, iliona kwamba imevunjiwa heshima yake, ikajitoa katika michezo. Vijana waliokuwa wamekwisha kufika, na ambao kwa mara moja walikuwa na washindani wa kiasi chao, walirudishwa bila ya kuinama kwenye mstari.

Nimeligeuzageuza jambo hili mara nyingi. Dai la Komoro juu ya Maore ni dai la haki kwa maoni yangu, na taifa dogo halina silaha nyingi za kudaia haki yake. Kukaa kimya mbele ya bendera ile kungehesabiwa kuwa ni kuridhia. Lakini silaha iliyotumika haikuwa mali ya aliyeitumia. Mabwana wa serikali wangeliweza kuondoka wao katika jukwaa la heshima, wakaacha viti vyao vitupu vionekane na ulimwengu, na vijana wakabaki na mbio zao. Mkomoro mmoja aweza kuniambia kwamba mkimbiaji hukimbia kwa jina la bendera ile ile iliyotukanwa, na kwamba kukimbia wakati huo ni kuikanyaga; nami sina jibu la kumnyamazisha. Hata hivyo, ikiwa nchi imemwambia mwanawe atoe sadaka mwaka wake wa mazoezi kwa ajili ya kisiwa cha nne, basi hiyo si sadaka tena bali ni mkopo, na walioukopa walipaswa kuanza kuulipa wiki ile ile waliyorudi Moroni: kwa mwalimu wa kudumu, kwa kiwanja cha mbio kisicho cha kokoto, na kwa tiketi za kwenda kushindana nje kabla ya michezo iliyofuata.